Tanuri la gesi na rangi ya ukutani inayotoa mionzi ya joto: inalipa wapi?

Tangu gesi ya Songo Songo ifike Dar es Salaam mwaka 2004, viwanda kadhaa hapa mjini vimeachana na mafuta mazito. Ni hatua nzuri, ila ina jambo ambalo wenye matanuri hawaambiwi: moto wa gesi hutoa mionzi ya joto kidogo kuliko moto wa mafuta. Moto wa mafuta una masizi, na chembe zake zikishika joto hung'aa kwa mawimbi ya kila urefu. Wa gesi ni wa bluu. Humo mionzi hutegemea mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, navyo hutoa mionzi kwa mikanda michache tu ya mawimbi. Naitrojeni, iliyo sehemu kubwa ya moshi wote, haisaidii chochote.

Ndiyo maana rangi za emisiviti kubwa, yaani zenye uwezo mkubwa wa kumeza na kutoa mionzi ya joto, zinastahili kuangaliwa upya. Hizi ni rangi za kauri, nyingi zina silikoni kabaidi au oksidi ya kromiamu, zinazopakwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri kwa unene usiofika milimita moja.

Wapo wauzaji wanaosema rangi hii huzuia joto lisitoke nje. Safu nyembamba kiasi hicho haiwezi. Mionzi ya gesi ikigonga ukuta mtupu, sehemu yake huakisiwa kwa mawimbi yaleyale iliyokuja nayo. Sasa, gesi iliyotoa mawimbi hayo ndiyo inayoyameza vizuri pia, kwa hiyo joto jingi hurudi kwenye moshi na kuishia bombani. Ukuta uliopakwa humeza mionzi hiyo, hupata moto, kisha huitoa upya kwa mawimbi ya kila urefu. Mengi kati ya hayo gesi haiyazuii, hupenya hadi kwenye chuma kinachopashwa. Kama gesi ingetoa mawimbi yote sawasawa, kupaka ukuta kusingebadilisha karibu lolote.

Nguvu ya mionzi hufuata kipeo cha nne cha halijoto kamili (inayohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi): uso wenye nyuzi 1,200 za Selsiasi hutoa takriban mara nane ya ule wa nyuzi 600. Basi tanuri la kupashia chuma cha nondo linafaa sana. Mwenye oveni ya mikate atunze fedha zake. Kule halijoto ni ya chini mno, na mionzi yake ni hafifu.

Kabla ya kupaka, ziba mlango unaovuja na rekebisha hewa ya kichomeo hadi oksijeni kwenye moshi iwe asilimia 2 au 3. Hiyo ni gharama ndogo, na bila hiyo sishauri mtu anunue hata kopo moja. Matofali yanayomomonyoka yabadilishwe, vumbi lote liondolewe. Wakati wa masika ukuta hukauka taratibu mno. Pandisha joto polepole, maana maji yaliyonaswa yakigeuka mvuke huibandua rangi.

Halafu pima. Usishike ukuta wa nje kwa kiganja. Soma mita ya gesi, gawanya kwa tani ulizozalisha, linganisha bidhaa ileile kabla na baada. Joto la moshi nalo lishuke. Na mwambie fundi wa tanuri kwamba chuma sasa kinaiva mapema: akiendelea kusubiri muda aliouzoea, sehemu kubwa ya gesi uliyotaka kuiokoa itaungua vilevile.