Gego la mtoto limetoboka: kofia ya chuma kwa sindano au bila sindano?

Siku hizi mzazi anayempeleka mtoto kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego lililotoboka anaweza kuambiwa kwamba jino hilo lisizibwe wala lising'olewe, bali livishwe kofia ya chuma, yaani kifuniko cha jino zima. Akiuliza zaidi ataambiwa kuna njia mbili za kuivisha: moja ina sindano ya ganzi na mashine ya kuchonga, nyingine haina. Haya ni maswali ambayo wazazi huuliza wakifika hapo.

Meno ya utoto si yatang'oka tu? Kwa nini nihangaike nayo?

Yatang'oka, ila uangalie ni lini. Meno ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6 au 7, na wazazi wengi hudhani mdomo mzima unafuata ratiba hiyo. Magego ya utoto, yale manane ya kutafunia, hukaa mpaka miaka 9, 10, hata 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililotoboka bado atalihitaji kwa zaidi ya miaka mitano. Akiachwa hivyo atatafunia upande mmoja, atakosa usingizi, na usaha ukijikusanya kwenye mizizi unaweza kudhuru jino la ukubwani linaloumbika chini yake.

Gego la utoto pia ndilo linalotunza nafasi. Kwenye miaka 6 gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa. Lile la utoto lililo mbele yake likiwa limeng'olewa mapema, jipya husogea mbele na kuziba nafasi ya jino jingine ambalo bado halijaota. Baadhi ya meno yanayopandana ukubwani yalianzia hapo.

Kwa nini kofia, na si kuziba kama kwa mtu mzima?

Tundu dogo juu ya jino linaweza kuzibwa na likakaa vizuri. Shida ni tundu lililo ubavuni, pale magego mawili yanapogusana. Hapo dawa ya kuzibia hupasuka au hutoka, na uozo huanza tena pembeni yake. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, kwa jino la utoto ni nyembamba na kiini chake, penye mishipa ya damu na ya fahamu, ni kikubwa, kwa hiyo uozo haukawii kufika ndani. Kofia hufunika jino zima mpaka kwenye ufizi.

Kofia hizi ni za chuma cha pua. Huja zikiwa tayari zimetengenezwa kwa saizi mbalimbali, wala hakuna haja ya kuchukua vipimo na kusubiri maabara. Zilianza kutumika kwa watoto mwaka 1950, zilipoelezwa na daktari wa meno wa Marekani, Humphrey. Jino likifikia wakati wake hung'oka pamoja na kofia yake.

Njia ya kawaida hufanywaje?

Mtoto huchomwa sindano ya ganzi. Daktari husafisha uozo wote, kisha huchonga jino: hupunguza juu kiasi cha milimita moja hadi moja na nusu, na kukata kidogo pande mbili zinazogusana na majirani ili kofia ipite. Hujaribisha kofia, huibana kingo zake zishike shingo ya jino, na kuigandisha kwa simenti ya meno. Kama uozo umegusa kiini, hii ndiyo nafasi ya kuondoa sehemu ya juu ya kiini na kuweka dawa kabla ya kufunika.

Ni kazi nzuri ikifanywa vizuri. Lakini inamtaka mtoto akae kimya na mdomo wazi kwa muda mrefu, na ndiyo maana wengine huishia kulazwa usingizi wa dawa hospitalini.

Na hiyo isiyo na sindano?

Inaitwa njia ya Hall, kwa jina la Norna Hall, daktari wa meno aliyefanya kazi Uskoti. Kwa miaka mingi alikuwa akiwavisha watoto kofia bila ganzi, bila kuchonga na bila kuchimba uozo. Kumbukumbu za wagonjwa wake zilipochambuliwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2006, madaktari wengi walishtuka, kwa sababu wote walikuwa wamefundishwa kwamba uozo lazima uondolewe wote.

Kama magego yamebanana, ziara ya kwanza ni ya kuweka tu vipete vidogo vya mpira katikati yao. Mtoto hurudi nyumbani navyo, na baada ya siku 3 hadi 5 nafasi huwa imepatikana. Ziara ya pili mtoto huketi wima, hajalazwa, na daktari huweka kitambaa chepesi, kama cha kufungia kidonda, mdomoni ili kofia ikiteleza isiende kooni. Hutafuta saizi ndogo kabisa inayofunika jino lote. Huijaza simenti, huiweka juu ya jino na kuisukuma kwa kidole. Kisha mtoto mwenyewe huambiwa aume kwa nguvu. Simenti inayobaki hufutwa haraka kwa sababu ni chachu na watoto huikunjia uso, uzi wa meno hupitishwa pembeni, na mtoto huuma tena dakika mbili tatu mpaka ishike. Ufizi hupauka kwa kubanwa, halafu rangi yake hurudi.

Mzazi mwenzangu, mwandae mtoto wako kwa ukweli: hakuna sindano, lakini kuna kubanwa. Usimwambie hatasikia chochote.

Uozo unaachwa ndani? Hautaendelea kula jino chini ya kofia?

Hili ndilo swali la msingi, na lina jibu. Bakteria wa meno huishi kwa sukari na wanga unaobaki mdomoni. Wakila hutoa tindikali, na tindikali ndiyo inayotoboa jino. Kofia ikifunga jino pande zote, bakteria waliobaki ndani hukatiwa chakula, na uozo husimama au hupungua kasi sana. Kiini chenye afya nacho hujilinda kwa kujenga tabaka jipya la dentini (sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli) kati yake na uozo.

Maneno ya kushika hapo ni *kiini chenye afya*. Bakteria wakishaingia kwenye kiini, kuwafungia juu ni kufungia usaha.

Kuna ushahidi, au ni njia ya mkato?

Upo, na mimi umeniridhisha. Huko Tayside, Uskoti, watoto 132 wenye magego mawili yaliyooza kwa namna inayofanana walitibiwa na madaktari 17. Gego moja lilivishwa kofia kwa njia ya Hall, la pili lilitibiwa jinsi daktari alivyozoea, mara nyingi kwa kuziba. Baada ya miaka miwili, ugonjwa wa kiini usioponyeka au jipu vilitokea kwenye asilimia 15 ya meno ya matibabu ya kawaida, dhidi ya asilimia 2 ya yale ya Hall. Baada ya miaka mitano ilikuwa asilimia 16.5 dhidi ya 3. Watoto wengi, wazazi wao na hata madaktari walisema wanaipendelea njia ya Hall.

Msomaji makini atasema: hapo kofia ililinganishwa na kuziba, si kofia na kofia. Ni kweli. Ulinganisho huo umefanyika karibu nasi zaidi, Khartoum, Sudan, kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 90 ya kofia za njia zote mbili zilikuwa bado salama, bila tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwingine: njia ya Hall ilichukua muda mfupi, iligharimu kidogo, na watoto walikuwa na hofu ndogo. Kwetu, ambako daktari wa meno ni mmoja kwa watu wengi na mashine ya kuchonga yaweza kukosa umeme siku hiyo, hayo si mambo madogo.

Basi kwa nini daktari wangu amesisitiza sindano?

Huenda ana sababu, na muulize. Njia ya Hall haimfai mtoto ambaye jino linamwamsha usiku au linauma lenyewe bila kuguswa, mwenye kijipu au kitundu cha usaha kwenye ufizi, au ambaye picha ya eksirei inaonyesha uozo umefika kwenye kiini. Jino lililobaki vipande, au lililokaribia kung'oka, nalo halivishwi. Ikiwa mtoto ana tatizo la moyo, kinga yake iko chini au ana mzio wa nikeli, sema mapema, kabla hajakaa kwenye kiti. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo unaomweka hatarini kupata maambukizi ya moyo, kuacha uozo ndani hakushauriwi.

Kwa hiyo kinachoamua njia ni hali ya kiini, wala si uoga au ujasiri wa mtoto. Muulize daktari: umepiga picha? Kati ya uozo na kiini kuna dentini nzima? Majibu yakiwa ndiyo na jino haliumi usiku, una haki ya kuuliza kama Hall inawezekana.

Je, nyeupe hazipo?

Zipo za zirkonia, aina ya kauri nyeupe, na zinapendeza. Lakini haziwezi kubanwa kingo wala kusukumwa kwa nguvu, kwa hiyo jino lazima lichongwe sana, zaidi ya kwa kofia ya chuma, na bei iko juu. Kwa jino la mbele naelewa. Kwa gego la nyuma kabisa nisingekubali jino la mtoto lichongwe kiasi hicho kwa ajili ya rangi.

Amevishwa, na sasa anasema meno hayakutani. Wamekosea?

Kwa njia ya Hall hilo hutarajiwa, kwa kuwa kofia imekaa juu ya jino lisilopunguzwa. Meno mengine hubaki wazi kidogo anapouma, na baada ya wiki chache meno huzoeana na kukutana tena. Siku ya kwanza mpe vyakula laini, uji au wali, na dawa ya maumivu ya watoto ikihitajika. Kwa sababu hiyohiyo daktari huepuka kuvisha magego mawili yanayoumana, la juu na la chini, siku moja.

Baada ya kofia tumemaliza?

Jino hilo, karibu tumemaliza. Mdomo, bado. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia watoto 1,144 wa miaka 3 hadi 7 waliokuwa tayari na meno yaliyooza. Kundi moja lilichongwa na kuzibwa, la pili uozo ulifungiwa ndani, kofia za Hall zikiwemo, la tatu walipewa kinga peke yake. Katika kila kundi, takriban watoto 4 kati ya 10 walipata maumivu au usaha mahali fulani mdomoni, si lazima kwenye jino lililotibiwa. Piga mswaki wewe mwenyewe, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floridi, mpaka mtoto afike miaka 7 hivi, na usugue pale kofia inapokutana na ufizi. Baada ya mswaki wa usiku asipewe chai ya sukari, juisi wala chupa ya maziwa kitandani.

Kofia ikitoka?

Iokote, ioshe, urudi nayo kwa daktari ndani ya siku chache. Mara nyingi hugandishwa tena. Akiimeza kwa kawaida hupita na kutoka chooni. Lakini akianza kukohoa, kupaliwa au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali wakati huohuo, maana huenda imeingia kwenye njia ya hewa. Na uvimbe wa ufizi, homa au shavu kuvimba baada ya kuvishwa usisubiri tarehe ya kliniki.