Namba tasa "kubwa kuliko zote"

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa kijana anayefundisha tuisheni mtaani kwetu: ati Wamarekani wameshaipata namba tasa kubwa kuliko zote. Niliinyamazia kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wanasikiliza.

Maana yake tunaijua tangu shule ya msingi. Namba tasa hugawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu: 2, 3, 5, 7, 11. Moja haimo. Na 9 ni witiri, lakini si tasa.

Nadhani kinachotuponza ni jina. Tasa ni asiyezaa, awe mwanamke au mnyama. Waarabu huziita namba za awali, na Kilatini nacho kiliziita za kwanza. Sisi tukatazama upande wa vigawo, tukaona hazina kitu, tukazipa jina la utasa. Jina tamu, ila limepindua ukoo, maana hizi ndizo wazazi: 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, imezaliwa na tasa. Lakini anayesikia "tasa" hufikiria ukoo unaokatika, wenye kitinda mimba wake.

Kitinda mimba hayupo. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilimaliza jambo hili kama miaka 300 KK. Zikusanye tasa zako zote, zizidishe, ongeza 1. Ukiligawa jibu kwa yoyote kati ya hizo, linabaki 1. Basi kuna tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. (Wapo wanaodai jibu hilo lazima liwe tasa. La. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30,031, nayo ni 59 × 509.)

Iliyotangazwa Oktoba 2024 ni hii: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani, kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao. Ni tasa ya aina ya Mersenne, yaani 2 kwa kipeo fulani, toa 1; jina ni la mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17. Wanazisaka za aina hiyo kwa kuwa zina kipimo chepesi kuliko nyingine, kwa hiyo msako unaruka. Kati ya hiyo na ile ya 2018, yenye tarakimu 24,862,048, zimejaa tasa ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Na imethibitishwa kwamba kati ya namba yoyote inayozidi 1 na maradufu yake lazima iwemo tasa. Kwa hiyo iliyo kubwa kuliko hiyo ya Durant ipo, tena kabla hata hujaizidisha kwa 2.

Basi mwalimu wangu, kesho waambie watoto "kubwa kuliko zote zinazojulikana". Ni neno moja tu la kuongeza.