Giza la msitu huhitaji nafasi nyeupe

Zimwi la kwanza nililolichorea kitabu cha ngano lilirudi kutoka kiwanda cha uchapaji likiwa doa. Mezani kwangu pango lake lilikuwa na kina: mistari ya wino tabaka tano, moja juu ya lingine, macho yakiwaka ndani. Mchoro ulipopunguzwa hadi nusu, vipenyo kati ya mistari vikajaa wino, na macho yakazama humo humo.

Kalamu ya kuchovya haina kijivu. Ina wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Kijivu hutengenezwa na jicho la msomaji linapochanganya mstari na nafasi iliyo kando yake.

Wachoraji wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 walibanwa na sharti hilo hilo kwa sababu ya bamba la zinki. Mchoro ulihamishiwa kwenye bamba kwa njia ya picha, kisha asidi ikala sehemu zote zilizopaswa kubaki nyeupe. Mistari ilibaki imeinuka, ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi kama muhuri. Mstari ama upo, ama haupo.

Mwalimu wangu mkubwa hapa ni Arthur Rackham, Mwingereza aliyekuwa karani wa ofisi ya bima huku akisomea uchoraji jioni. Mwaka 1900 ilitoka michoro yake ya ngano za ndugu wawili Grimm, Wajerumani waliokusanya hadithi za kale. Itazame miti yake: mizizi imejikunja kama vidole vya mzee, na bado kila mkunjo unapumua. Mtoto anaiogopa kwa sababu anaona kitu gizani. Weusi mtupu haumtishi mtu.

Nibu nzuri, yaani ncha ya chuma ya kalamu, hunyumbulika: ukikandamiza, mstari hunenepa, ukilegeza, hukonda. Mstari nao ufuate umbo la kitu, gome kwa urefu wa shina, kanga ya bibi kwa mikunjo yake. Kabla ya tabaka la tatu huweka karatasi sakafuni nikasimama kuitazama kwa mbali, na mara nyingi naona halihitajiki. Kosa hulikwangua kwa ncha ya wembe, wino ukishakauka kabisa, na karatasi lazima iwe nzito, la sivyo hutoboka.

Lile pango nililichora upya kwa tabaka mbili tu. Kuzunguka macho niliacha upenyo mweupe, mwembamba kama uzi.