Shavuot: jibini si amri, na Pentekoste si jina lake jingine

Pasaka ina mikate isiyochachwa na mboga chungu. Sikukuu ya Vibanda ina kibanda chake. Shavuot, ambayo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaijua kama Sikukuu ya Majuma, haina kitu chake. Hakuna cha kushika mkononi wala cha kujenga uani. Kuna watu waliokusanyika, basi. Labda ndiyo maana kila mtu ana maelezo yake kuihusu, na mengi hayako sawa.

“Ni Pentekoste ya Wayahudi”

Huku kwetu hii ndiyo inayosikika zaidi, na mzizi wake unaeleweka. Wayahudi waliozungumza Kigiriki waliiita sikukuu hii Pentekoste, yaani ya hamsini, kwa kuwa huja siku ya hamsini ya hesabu inayoanza usiku wa pili wa Pasaka: majuma saba kamili, halafu sikukuu. Ule umati wa Matendo ya Mitume sura ya 2, watu wa kila lugha, ulikuwa Yerusalemu kwa ajili yake. Kwa hiyo Shavuot ilitangulia, na Wakristo wakaadhimisha siku hiyohiyo jambo lingine kabisa. Myahudi anayeingia sinagogi siku ya Shavuot hana habari na ndimi za moto.

Hata tarehe zimeachana. Mwaka 2024 Pentekoste ya makanisa ya Magharibi ilikuwa Mei 19, na Shavuot ikaanza jioni ya Juni 11. Wakaraiti, Wayahudi wasiofuata mafundisho ya marabi, ndio huifanya Jumapili daima, kwa sababu Walawi 23 inaagiza hesabu ianze “siku ya pili baada ya Sabato”, nao wanaisoma kwa maana yake ya wazi, Sabato ya juma, si siku ya kwanza ya Pasaka. Ugomvi huo ulikuwapo tangu Hekalu lilipokuwa bado limesimama.

“Torati inasema ndiyo siku ya Sinai”

Haisemi. Itafute utakavyo: Torati inaiita sikukuu ya mavuno, ya majuma, siku ya malimbuko, inaagiza mikate miwili ya ngano iliyotiwa chachu pamoja na sadaka na mapumziko, lakini Sinai haiitaji. Haitaji hata tarehe. Ni marabi waliopiga hesabu ya safari kutoka Misri wakaiunganisha na siku Israeli walipoipokea Torati, na tangu hapo sala za sikukuu zinaiita “wakati wa kupewa Torati yetu”.

Lakini wakiisoma habari ya Sinai wanaona kitu ambacho sisi Waswahili tunaweza kukishika vizuri kuliko wengi. Katika Kutoka 19:2 Kiebrania kinasema waliondoka, walifika, walipiga kambi jangwani, vitenzi vyote vya wengi. Kisha ghafla kitenzi kilekile kinakuja cha umoja: Israeli *akapiga* kambi mbele ya mlima. Kutoka wa- kwenda a-. Rashi, mfafanuzi wa Maandiko wa Ufaransa wa karne ya 11, alilitolea maelezo mafupi sana: kama mtu mmoja, kwa moyo mmoja.

“Malimbuko yalikuwa jambo la mkulima na kuhani wake”

Hapa nitakaa kidogo, maana Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200, inasimulia jambo hili kana kwamba mwandishi alikuwa kando ya barabara.

Mtu anashuka shambani kwake anaona tini moja imeanza kuiva. Anaifunga kwa unyasi na kusema: hii ni malimbuko. Zabibu vivyo hivyo, komamanga vivyo hivyo. Yakiwa tayari hasafiri peke yake. Watu wa vijiji hukusanyika katika mji wa wilaya yao, wanalala uwanjani, nje, wala hawaingii katika nyumba za watu. Alfajiri msimamizi anapaza sauti: “Simameni, tupande Sayuni, nyumbani kwa Bwana, Mungu wetu!” Mbele anakwenda ng’ombe dume, pembe zimepakwa dhahabu na kichwani ana taji la mzeituni, na filimbi inapigwa mpaka wakaribie Yerusalemu. Huko mafundi, watu wenye kazi mikononi, wanainuka: “Ndugu zetu watu wa mahali fulani, karibuni kwa amani.”

Matajiri walileta malimbuko katika vikapu vya fedha na dhahabu, maskini katika vikapu vya fito zilizobanduliwa maganda. Vya tajiri vilirudishwa kwa mwenyewe, vya maskini vilibaki kwa makuhani pamoja na matunda. Marabi hawakulificha hilo. Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao, inalitumia kueleza msemo wa watu, kwamba umaskini humfuata maskini.

Mwenye malimbuko alipaswa kusoma tamko la Kumbukumbu la Torati 26, kwa Kiebrania. Hapo mwanzo aliyejua kusoma alisoma mwenyewe, na asiyejua alitamkiwa neno kwa neno akafuatisha. Mnaweza kukisia kilichotokea. Wasiojua waliona haya mbele za watu, wakaacha kuja. Ikaamriwa basi kwamba kila mtu atamkiwe, msomi na asiyejua herufi hata moja, na wote wafuatishe.

Yalianza kuletwa Shavuot, na msimu wa kuyaleta kwa tamko hilo uliendelea mpaka Sikukuu ya Vibanda. Kwa hiyo hata wazo la kwamba wote walifurika siku moja si sahihi.

“Usipokesha umevunja sheria”

Kukesha kwa kujifunza Torati, *tikun leil Shavuot*, ni desturi. Wapo wanaolala, na asubuhi wanaswali wakiwa na akili timamu kuliko mimi baada ya mkesha wowote. Sababu inayotolewa sana ni ya masimulizi ya marabi: asubuhi ya Sinai watu walipitiwa na usingizi, basi wajukuu wanalipa deni.

Kuenea kwake ni kwa karne ya 16. Shlomo Alkabetz aliandika barua kueleza usiku wa Shavuot aliokaa na Yosef Karo, yule aliyeandika kitabu cha sheria ambacho Wayahudi wanakitumia mpaka leo, walipokuwa bado katika upande wa Ulaya wa milki ya Waturuki, kabla ya kuhamia Safed, mji wa Galilaya. Anasema sauti ilisikika kupitia kinywa cha Karo ikiwasifu, kisha ikawaambia kama wangekuwa kumi wangepanda juu zaidi. Kumi ndiyo idadi ya sala ya jamaa. Usiku uliofuata wakatafuta watu wa kutimiza. Mtu aamini asiamini habari ya sauti, lalamiko lake lilikuwa hilo: mko wachache.

Leo mkesha huo una sura nyingi. Kuna sinagogi ambako mzee anafundisha ukurasa mmoja wa Talmudi usiku kucha, na kuna kumbi za jumuiya ambako darasa la Ruthu liko chumba hiki na mjadala wa mashairi chumba kile, chai na kahawa zikipita. Yerusalemu, kabla hapajapambazuka, mitaa inajaa watu wanaotembea kuelekea Ukuta wa Magharibi kwa sala ya asubuhi.

“Lazima kula jibini”

Keki ya jibini ni desturi hasa ya Wayahudi wa Ulaya. Rabi Moshe Isserles wa Kraków alitaja kula vyakula vya maziwa, katika karne ya 16, kama desturi ya mahali pengi, akatoa na sababu yake. Wengine wametoa nyingine tano sita, na sababu zikizidi hivyo mimi hushuku kwamba chakula kilitangulia maelezo. Inayonivutia ni ya Wimbo Ulio Bora, “asali na maziwa chini ya ulimi wako”, iliyoelekezwa kwa Torati.

Anayedhani nyama imekatazwa amsikilize Rabi Yosef wa Talmudi. Siku ya Shavuot aliagiza achinjiwe ndama mzuri, akasema: isingekuwa siku hii, akina Yosef wangapi wapo sokoni! Yaani bila elimu ya Torati angekuwa Yosef tu kama wengine. Wayahudi wa Libya, kwa upande wao, walioka mikate midogo yenye umbo la ngazi, kumbukumbu ya Musa kupanda mlimani, na Afrika ya Kaskazini watoto walimwagiana maji barabarani.

“Ni ya washika dini tu”

Tangu miaka ya 1920 vijiji vya ujamaa vya Israeli, kibbutz, ambavyo vingi havikuwa na sinagogi wala havikutaka, vilifufua malimbuko kwa namna yao. Matrekta yanapita kwa maandamano na marobota ya nyasi kavu, watoto wamevaa nguo nyeupe na mataji ya maua, na mwishoni wazazi wanapanda jukwaani na watoto wachanga waliozaliwa mwaka ule. Nao ni mavuno.

“Afrika haihusiki”

Karibu na Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, jumuiya iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu alipojitahiri pamoja na wafuasi wake akisema sasa wao ni Wayahudi. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha, na bado wapo, na Shavuot imo katika kalenda yao kama ya Wayahudi wengine.

Beta Israel wa Ethiopia ni wa kale zaidi. Sikukuu yao waliiita Ma’rar, mavuno, na hesabu yao ilikuwa tofauti: walianza kuhesabu siku hamsini Pasaka ilipokwisha, si usiku wake wa pili, kwa hiyo wakafika tarehe 12 ya mwezi wa tatu badala ya 6. Wengi wao leo wako Israeli na hufuata kalenda ya wote. Walio wengi waliosalia Addis Ababa walisafirishwa kwa ndege kwa muda wa saa 36 hivi, Mei 24 na 25, mwaka 1991, zaidi ya watu 14,000, viti vikiwa vimeng’olewa ili waenee. Ndege moja peke yake ilibeba zaidi ya 1,000. Shavuot ya marabi mwaka ule ilikuwa imeshapita, Mei 19. Ukifungua kalenda ya Kiyahudi ukatafuta tarehe 12 ya Siwani, ndio huo mwezi wa tatu, utaikuta Mei 25.