Kiyoyozi Kinachokula Kapasita

Joto la Januari na Februari likiibana Moshi, malalamiko yanayotufikia karakanani huwa yaleyale: kapasita (kipuri kinachoisaidia kompresa kuanza na kuendelea kuzunguka) imebadilishwa ikaungua, ikabadilishwa tena ikaungua. Au bodi ya umeme inayoongoza mashine. Wenye uwezo wanafika hadi kompresa ya pili, yaani ile pampu inayosukuma gesi, na lawama zote zinaangukia vipuri feki.

Feki zipo, hatukatai. Lakini kipuri kikiungua mara mbili mahali palepale, fundi asifungue boksi jipya kabla hajajua kinachokiua.

Aanze na umeme. Viyoyozi vingi vya nyumbani vimeandikwa volti 220 hadi 240. Apime volti kompresa ikiwa imezimwa, apime tena inapowaka, na apime sehemu mbili: kwenye swichi kuu na kwenye terminali za mashine ya nje. Akikuta 230 kwenye swichi kuu na 195 nje, umeme unapotelea njiani: waya mwembamba, kiungio kilicholegea, nyutro iliyokazwa nusunusu. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, hapo itaficha tu ugonjwa huku kiungio kikiendelea kuchemka.

Volti zikishuka hata kwenye swichi kuu, na waya kutoka kwenye mita ni mzima, suala hilo ni la TANESCO. Toa taarifa, chukua namba ya taarifa, andika tarehe na saa ambazo volti hushuka, tunza. Usiporidhika na majibu, unaandika lalamiko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha. Utaulizwa kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma, kwa hiyo usiruke hatua. Na tunarudia, maana watu hawasikii: lakiri ya mita haiguswi, si na mwenye nyumba, si na fundi wake. Kuichezea ni kosa la jinai. Vilevile anayefunga au kurekebisha nyaya za nyumba anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuoneshe, soma daraja lake na tarehe ya kuisha. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, atakwambia ameisahau nyumbani.

Umeme ukiwa safi, angalia joto. Mashine ya nje iliyojaa vumbi, au iliyojengewa kisanduku cha kuzuia wezi, haipumui. Presha inapanda, kompresa inavuta ampea nyingi, na kapasita, ambayo adui yake mkubwa ni joto, inavimba. Hakikisha pia kipuri kipya kina maikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye mashine, na volti zisizopungua za awali. "Hii inakaribiana" si kipimo.

Kuna hili la "gesi imeisha". Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka humohumo miaka yote, ikipungua, imevuja. Kompresa nayo hupoozwa na gesi inayorudi, hivyo anayekujazia kila mwaka bila kutafuta tundu anaiunguza kompresa taratibu, na wewe unamlipa. Kama mashine yako inatumia R22, kumbuka gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030. Haitarudi kuwa rahisi.

Kompresa iliyoungua huacha asidi kwenye mabomba. Lazima mfumo usafishwe, drayari (kichujio kinachonyonya unyevu) ibadilishwe, kisha hewa na unyevu vivutwe kwa pampu ya vakyumu. Fundi aliyekuja bila pampu hiyo anakufungia kompresa ya tatu.

Bodi zina visa vyake: umeme unaokatika na kurudi papo hapo (zima, subiri angalau dakika 3 ndipo uwashe), na mijusi, ambao hupenda kulala kwenye joto la bodi hadi wanapounganisha njia mbili za umeme.

Kipuri kilichoungua usimwachie fundi aondoke nacho. Mwambie aandike vipimo alivyopata, volti na ampea, kwenye risiti. Fundi atakayefuata atavihitaji, na hata sisi ukituletea mashine, tutaanza kwa kukuuliza vipimo hivyo.