Jenereta isiyotumia mafuta haipo, acheni kupoteza hela

Kila nikienda kufunga sola lazima mtu anitolee ile video, mota inazungusha dainamo, dainamo inarudisha umeme kwenye mota, afu eti unaobaki unawasha nyumba. Jamani hakuna unaobaki! Pigeni hesabu: mota ukiipa wati 1000 inakupa kama 850 kwenye shafti, zingine zimeisha kwa joto (ishike ikishafanya kazi nusu saa utaelewa), dainamo nayo ikila asilimia 15 yake unabaki na wati 720 hivi, sa hizo 720 zitaendeshaje mota inayotaka 1000 na bado friji lako liwake? Ukichomoa umeme wa kuanzia inazima hapo hapo.

Akishindwa hapo anakuletea gurudumu zito, flaiwili. Flaiwili inatunza nguvu uliyoipa wewe, haizalishi kitu. Chuma cha kilo 50, upana sentimita 60, kikizunguka mara 1,500 kwa dakika kina nguvu ya kuwasha balbu ya wati 100 dakika hata 5 hazifiki, basi. Taa zikiwaka kwenye video jua kuna betri au waya umefichwa. Chuo cha sayansi cha Ufaransa kiliacha kupokea hizi mashine tangu 1775, sisi bado tunazilipia advansi! Mtu akikuuzia mwambie aibebe nje uwanjani, aipandishe juu ya meza uione chini na pembeni, iendeshe pasi ya umeme kutwa nzima, ndo mzungumze bei.

Gari la maji, lile wanalosema linavunja maji na kuchoma haidrojeni yake, ni hivyo hivyo. Maji ni haidrojeni iliyoshaungua tayari, kuyavunja upate kilo 1 ya haidrojeni ni uniti 39 kwa uchache, mitambo halisi inakula 50 na zaidi, na injini ikiichoma inakurudishia kama 10 tu. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alijinadi na gari hilo, 1996 mahakama ikasema ni utapeli na ikamwamuru awarudishie watu wawili dola 25,000 zao.

Na paneli ya sola inayogeuza asilimia 22 tu ya mwanga wa jua kuwa umeme siyo feki, silikoni iliyotengenezewa yenyewe kikomo chake ni kama 29.

Na wale wa "E=mc² (kanuni ya Einstein kwamba nishati na uzito wa kitu vinageuzana), tutatengeneza dhahabu kwa umeme": gramu 1 inataka uniti milioni 25, yaani bwawa la umeme la Nyerere na megawati zake zote 2,115 kwa karibu saa 12, tena kama hakuna hata uniti moja iliyopotea njiani.