Chuo kimekuchagua, utakaa wapi? Dhana potofu kuhusu makaazi ya mwanafunzi Unguja

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, simu huanza kulia. Vijana wa Wete, Konde na Kengeja huko Pemba, na siku hizi hata wa Tanga na Mtwara, huniuliza suali moja: nikifika Unguja nikae mtaa gani? Nikiwasikiliza, naona wengi wao wameshajibiwa kabla hawajauliza. Wamejibiwa na kaka aliyesoma zamani, na jirani aliyewahi kuishi Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, na picha walizoziona kwenye simu. Baadhi ya majibu hayo humgharimu mtu muhula mzima. Nimeyakusanya yale ninayoyasikia zaidi, kwa ajili ya kijana anayeondoka kwao mara ya kwanza, hana mke wala mume, na mkopo wake haujaingia.

"Chuo kiko mjini, basi tafuta chumba mjini"

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi. Mtu anaona jina la chuo kwenye barua, anajua kiko "Zanzibar", anafikiri Zanzibar ni Darajani, sokoni mjini.

Chukua SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kampasi yake kuu iko Tunguu, Wilaya ya Kati, nje kabisa ya mji. Vuga ndiyo iliyo mjini, pembezoni mwa Mji Mkongwe. Kampasi ya Nkrumah iko Beit el Ras, njia ya Bububu. Masomo ya utalii yako Maruhubi, ya kilimo Kizimbani, na ya afya kwa miaka mingi yamekuwa Mbweni. Hicho ni chuo kimoja tu. Zanzibar University nayo iko Tunguu. Chuo Kikuu cha Sumait kiko Chukwani. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko Mbweni, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kina tawi Bububu, na IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India iliyoanza kufundisha hapa mwaka 2023, iko Bweleo, upande wa Fumba.

Kwa hiyo marafiki wawili waliotoka skuli moja, wakachaguliwa chuo kimoja, mmoja anaweza kusoma kaskazini ya mji na mwenzake kusini-mashariki. Wakikodi chumba pamoja kwa mapenzi ya urafiki, mmoja wao atavuka mji mzima kila asubuhi. Nimeliona hilo likivunja urafiki, kwa sababu anayechelewa darasani kila siku hachelewi kumlaumu mwenzake.

Isome barua yako mpaka mwisho na utafute jina la kampasi. Kama halikutajwa, piga simu ofisi ya usajili uulize kozi yako inasomeshwa wapi, na kama mwaka wa pili mtabaki hapo hapo.

Ukishaijua kampasi, ifikirie njia kabla ya mtaa. Barabara kubwa za Unguja zinatoka mjini na kutawanyika: moja inakwenda kaskazini kupitia Mtoni na Bububu, nyingine inapita Amani na Mwera kuelekea Dunga na Chwaka, nyingine inapita Mwanakwerekwe, Fuoni na Jumbi hadi Tunguu na kuendelea Jozani, na nyingine inashuka Kiembesamaki na uwanja wa ndege kuelekea Chukwani na Fumba. Ukikaa kwenye njia ya chuo chako, gari moja inakufikisha. Ukikaa kwenye njia nyingine, utaingia kwanza mjini ndipo utoke tena. Anayesoma Tunguu atazame Fuoni, Jumbi na Tunguu yenyewe. Wa Beit el Ras atazame Mtoni, Bububu na Kijichi. Wa Chukwani na Mbweni aanzie Kiembesamaki. Wa Vuga anaweza kukaa Kikwajuni, Kisiwandui, Kilimani au katika majumba ya Michenzani, akaenda darasani kwa miguu.

Jambo jengine ambalo wageni hawalijui: asubuhi watu wengi wanakuja mjini. Mwanafunzi wa Fuoni anayekwenda Tunguu anakwenda kinyume na umati, na mara nyingi hupata pa kukaa kwenye gari. Mwenzake anayetoka Bububu kuja Vuga huenda akasimama njia nzima.

"Mji Mkongwe ndiko kwenye maisha"

Mji Mkongwe ni mzuri, na umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Lakini nyumba nyingi zimegeuzwa za wageni, na mwenye nyumba anayemkodisha mtalii kwa siku hana sababu ya kumpa mwanafunzi kwa bei ya mwanafunzi. Vyumba vilivyobaki vya bei nafuu mara nyingi vimo katika majumba yaliyochoka. Nyumba za mawe na chokaa zinahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Sote tuliona Beit al-Ajaib, jumba la kale la huko, lilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Ukipelekwa kuona chumba huko, tazama dari, boriti na unyevu wa ukutani kabla ya kutazama roshani.

Vijiji vya pwani vya Paje, Jambiani na Nungwi ni hivyo hivyo. Kijana anaona Paje na Tunguu ziko barabara moja, anadhani atasoma huku na kukaa pwani kule. Bei ya vyumba vya Paje imepandishwa na hoteli.

"Chumba cha mbali ni rahisi"

Mwaka 2022 sensa ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773. Vyumba vinagombaniwa, na ni kweli kwamba ukienda mbali kodi inashuka. Ila kodi si gharama peke yake.

Piga hesabu. Tuseme chumba cha mbali kinakupunguzia shilingi 30,000 kwa mwezi kuliko kile kilicho karibu na chuo. Huko mbali unapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme kila moja ni shilingi 500: hiyo ni 2,000 kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni 44,000. Umeokoa 30,000 na kutoa 44,000, na bado hujahesabu saa zilizopotea kituoni. Weka nauli halisi za siku utakayohamia, lakini hesabu ifanye kwenye karatasi, si kichwani.

Halafu kuna usiku. Baada ya Isha gari za kwenda shamba, yaani nje ya mji, hupungua sana. Mikutano ya kujisomea haimaliziki saa kumi na mbili, na wiki za mitihani mtu hubaki maktaba mpaka ifungwe. Kama njia pekee ya kurudi ni bodaboda gizani, hilo ni la kulipima mapema, kwa msichana na kwa mvulana pia.

Wanaotoka Bara nawaongezea: ulizeni jiko. Mwezi wa Ramadhani mikahawa hufungwa mchana, na hata asiyefunga atahitaji pahala pa kujipikia kwa staha.

"Kwa ami ni bure"

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu jambo hili linagusa damu.

Wazee wetu wengi wakisikia mtoto anakwenda Unguja, neno la kwanza ni: "Ami yako si yupo Magomeni?" Na ami, yaani ndugu wa baba, anakubali, kwa sababu hawezi kukataa. Mara nyingi hiyo ni rehema kubwa. Ukiumwa usiku wa manane pana mtu wa kukupeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, na mkopo ukichelewa hulali na njaa. Simshauri mtu yeyote aikatae rehema hiyo kwa kujiona.

Lakini si bure. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mwanafunzi anakaa miaka mitatu au zaidi. Utatumwa dukani. Utawasomesha watoto wa nyumbani. Msichana, na hili lisemwe wazi, atapewa kupika, kufua na kulea, na atashika daftari nyumba nzima imeshalala, wakati kaka yake katika nyumba hiyo hiyo anaambiwa akasome. Nimewajua wasichana hodari waliorudia masomo, si kwa uzito wa masomo, bali kwa sababu hawakupata saa mbili za utulivu kwa siku. Hakuna aliyewatendea ubaya. Hakuna aliyeuliza tu.

Kwa hiyo ulizeni. Kabla ya kuhamia, baba au mama wa mwanafunzi azungumze na mwenyeji, mtu mzima kwa mtu mzima: mtoto atalala wapi, atasomea wapi, saa ngapi yuko huru, nasi tutachangia nini. Gunia la mchele au pesa za umeme kila mwezi humtoa kijana katika hali ya mzigo na kumtia katika hali ya mtu wa nyumbani. Wazee huona haya kuyasema haya. Haya hiyo anailipa mtoto.

Na kama ami yuko Magomeni na chuo kiko Tunguu, rudi kwenye hesabu ya nauli. Pengine bora ukae karibu na chuo, na Ijumaa uende kumsalimu.

"Asiye na ndoa hapewi chumba, na msichana hakodi peke yake"

Ni kweli kwamba wenye nyumba wanauliza. Wanauliza wewe ni mtoto wa nani, umetokea wapi, nani atakuja kukutembelea. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, naye ana haki ya kujua nani kahamia shehia yake. Mtu aliyezoea mji ambao hakuna anayemjua huyaona hayo kama kufungiwa mlango. Kwa kweli wanatafuta mtu wa kumuuliza likitokea jambo.

Wanafunzi wasio na ndoa wanakodi kila mwaka, wasichana kwa wavulana. Linalorahisisha ni kwenda na mtu mzima: mzazi, shangazi, hata mwalimu wa mtaani kwenu. Nenda na kitambulisho na barua ya chuo, na ukishahamia usisubiri kuitwa, kajitambulishe kwa sheha. Siku utakapohitaji barua yake kwa jambo lolote, atakuwa anakujua.

Kwa msichana, chumba ndani ya nyumba anayokaa mama mwenye nyumba mwenyewe kina utulivu kuliko banda la uani lenye wapangaji wasiojuana. Masharti yatakuwepo: saa ya kurudi, wageni wa kiume kuishia barazani. Yaulize kabla hujalipa, uyapime, ukubali au uondoke kwa wema.

Rai yangu kwa yeyote asiye na jamaa Unguja: muhula wa kwanza tafuta dakhalia (bweni), ya chuo au ya karibu na chuo, hata kama mnalala wengi chumba kimoja. Pesa za mkopo, ziwe za bodi ya Muungano au ya Zanzibar, haziingii lazima siku chuo kinapofunguliwa, na mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi mitatu au sita mbele, na dalali ana chake. Ukiwa dakhalia utaijua njia na mitaa, na utapata wenzako wa kukodi nao ambao umeshawaona wakiwa na njaa na wakiwa na hasira.

"Nimekiona chumba, kikavu na kizuri"

Umekiona lini? Vyuo hufunguliwa karibu na vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na mvua zake mara nyingi si kali. Masika ndiyo yenye hukumu, Machi mpaka Mei, katikati ya masomo. Zipo sehemu za Mwanakwerekwe na mabonde ya njia ya Fuoni ambazo kwa miaka mingi zimejaa maji mpaka njia zikakatika. Eneo la Ziwa Maboga halikupewa jina la ziwa bure. Mitaro imechimbwa na daraja la Kibonde Mzungu limejengwa, lakini bonde ni bonde. Tazama alama ya maji chini ya ukuta na muulize jirani, usimuulize dalali.

Maji ya bomba nayo uyaulizie: yanakuja siku gani, na yasipokuja pana tangi au kisima?

"Masomo yako Unguja tu"

Kwa kijana wa Pemba, kabla hujakata tiketi ya boti, angalia. SUZA ina kampasi Mchangamdogo, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Pemba. Kama kozi unayoitaka inapatikana huko, kubaki Pemba si kushindwa.

"Mwenye nyumba muungwana, hakuna haja ya karatasi"

Uungwana wake na karatasi havigombani. Andikeni kodi ni kiasi gani, imelipwa ya miezi mingapi, nani anatengeneza bomba likivunjika. Kama mita ya umeme ya Tukuza ni moja kwa nyumba nzima, andikeni nani anachangia kiasi gani, kwa kuwa mwenye friji na mwenye taa moja hawawezi kulipa sawa.

Na kuna suali ambalo vijana husahau kuliuliza: likizo ndefu. Ukirudi kwenu kwa miezi kadhaa, chumba unakilipia kitupu au unakiacha? Wapo wenye nyumba wanaokubali nusu ya kodi, au wanaoruhusu kulaza vitu vyako kwenye chumba kimoja na vya wenzako ili vyumba vingine vikodishwe. Wanakubali hayo likizungumzwa siku ya kuingia. Ukilileta siku umeshafunga begi na boti ya Mkoani inaondoka kesho, utalipa kodi nzima.